Elimu ya Bure na Kisima cha Basotu

Nilipata kwenda Basotu, katika Wilaya ya Hanang, kwa kazi za serikali, nikaombwa nihudhurie mahafali ya shule moja ya sekondari. Mgeni wa heshima alisimama akawahutubia vijana kwa maneno mazuri. Mwisho akasema kwa sauti kuu kwamba mwanafunzi wa Tanzania hana kisingizio tena: elimu yote ya dunia, kuanzia hisabati hadi ushairi, imewekwa mtandaoni, tena bure, kilichobaki ni mtu kunyoosha mkono na kuchota. Watu wote walipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Hotuba zilipokwisha, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia, akaniamkia kwa adabu, akasema ana swali. Mwalimu wake alikuwa amemwazima simu kwa nusu saa ili atafute habari za kilimo cha ngano, apate kuandika insha. "Mzee," akasema, "simu ilinipa ngano ya Kanada. Ilinieleza mvua yao, theluji yao, na treni zinazobeba ngano yao. Lakini babu yangu husema kwamba hapa hapa tunapokaa palikuwa malisho, kisha pakawa shamba kubwa la ngano, na waliokuja na mashine walikuwa Wakanada. Hayo sikuyapata kwa lugha ninayoielewa. Je, hayo si elimu?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigapiga begani, nikamwambia asome kwa bidii, kama wakubwa wanavyosema wanapokosa la kusema. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini naliandika kwa ajili yake na kwa ajili ya walimu wake.

Nadai hivi: elimu ya bure iliyomo mtandaoni ni neema, na anayeikataa hana akili. Lakini taifa linalochota tu na halitii kitu kisimani litageuka kuwa taifa la waazimaji, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nadai pia kwamba neno "bure", kama linavyotamkwa katika hotuba zetu, linaficha gharama ambazo hulipwa na mtoto wa maskini, na hasa mtoto wa mahali kama Basotu.

Tuanze na neema yenyewe, maana si uungwana kukishambulia kitu kabla ya kukitolea haki yake. Mwaka 2001 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani, kilitangaza kwamba kitayaweka masomo yake wazi kwa watu wote wa dunia bila ada. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana chini ya UNESCO waliipa harakati hiyo jina, nasi kwa Kiswahili tunaweza kuziita nyenzo huria za elimu. Na mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ukapitisha pendekezo la kuzitaka nchi zote ziziendeleze. Mtu mmoja, Salman Khan, alianza kwa kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali, na leo masomo yake yanatazamwa na watoto wa mabara yote. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na makala zake, makumi ya maelfu, zimeandikwa na watu wanaojitolea.

Hapa nyumbani pia hatukulala. Taasisi ya Elimu Tanzania imevitia vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu aliye mbali na duka la vitabu anaweza kuvifungua na kuvisoma bila kulipia. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, imewaandalia wanafunzi wa sekondari masomo yanayofuata mihutasari ya Tanzania. Mwaka 2014 Ubongo Kids walianza kuwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalirushwa redioni na katika televisheni, hata wazazi wengi wakasikia kwa mara ya kwanza kile ambacho watoto wao hufundishwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba mtandao ni kasumba tupu. Wako wazee wenzangu wanaosema hivyo, na wengine wangependa tuufunge kama mtu afungavyo dirisha wakati wa vumbi. Hao nawajibu kwa ufupi: vumbi la Basotu halizuiliwi na dirisha, na maarifa ya binadamu hayana mpaka wa wilaya. Tarakimu tunazohesabia zilitoka Bara Hindi zikapitia kwa Waarabu. Mahindi tunayokula yalitoka Amerika. Utamaduni hai hula cha mgeni na kukifanya damu yake. Ubishi wangu ni juu ya kula bila kupika.

Sasa tulitazame neno "bure". Mwanafunzi wa sekondari ya kata huko Hanang anayetaka kuchota katika bahari hiyo anahitaji kwanza simu au kompyuta. Simu haruhusiwi kuwa nayo shuleni. Nyumbani, kama ipo simu janja, ni ya baba au ya kaka. Pili, anahitaji umeme au sola. Tatu, anahitaji kifurushi, na kifurushi hununuliwa kwa fedha. Katika nyumba nyingi fedha ya kifurushi ndiyo ile ile ya chumvi na ya mafuta ya kupikia. Nne, anahitaji saa ya utulivu, naye jioni anangojewa na ndama, na madumu ya maji, na kuni. Kitabu cha shule, hata kikiwa kimoja kwa wanafunzi watano, hakihitaji chaji. Wale wanaosema kwamba mtandao umemaliza kazi ya vitabu na maktaba hawajapata kumwona mtoto anayesoma kwa mwanga wa koroboi. Basi yeyote atakayetumia neno "bure" ili apunguze bajeti ya vitabu vya shule, huyo amewatoza watoto maskini kodi bila kuitangaza.

Lakini gharama kubwa kupita zote ni lugha. Mtoto wa Basotu huzaliwa katika Kidatoga au Kiiraqw au lugha nyingine ya wazee wake. Hujifunza Kiswahili, lugha ya taifa, akasoma nacho miaka yote ya shule ya msingi. Kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza huambiwa kwamba fizikia, kemia, jiografia na baiolojia hazisemi Kiswahili. Hukimbilia mtandaoni kutafuta msaada, na huko nako hukuta Kiingereza, tena Kiingereza cha watu ambao hawakumkusudia yeye walipoandika. Nimeona daftari za vijana zilizojaa sentensi ndefu zilizonakiliwa kutoka mtandaoni herufi kwa herufi, hata kosa la chapa likanakiliwa pia. Nilipomwuliza mmoja wao maana ya aya moja, aliisoma tena kwa sauti zaidi. Alikuwa amepewa chakula cha bure ndani ya chungu kilichofungwa.

Hapo husimama mpinzani wangu wa pili, mtu msomi, aniambie kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Hoja hii ni ya zamani kuliko wanafunzi wanaoisikia. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikuukubali ushauri huo. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakukata tamaa: mwaka 1990 walitoa kamusi sanifu ya baiolojia, fizikia na kemia. Na mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba sheria haiwezi kusema Kiswahili, kwa kuwa maneno yake ni mazito mno; leo mshtakiwa anasomewa shtaka lake kwa lugha anayoielewa. Ikiwa lugha imeweza kubeba kesi ya mauaji na mgogoro wa ardhi, itashindwaje kubeba somo la usanisinuru? Msamiati hauzaliwi kwa kungojewa. Huzaliwa kwa kutumika.

Wala sisemi Kiingereza kitupwe. Kijana ajifunze Kiingereza vizuri, akifundishwa kama lugha, na Kifaransa na Kiarabu akiweza. Nasema tu kwamba ufunguo mmoja usifanywe kuwa adhabu ya kutokuwa na mlango mwingine.

Ndugu mwalimu, nakuomba sasa turudi nyuma, maana jambo hili la elimu ya bure itokayo hewani si geni katika nchi yetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafanywa kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Somo lilitoka Redio Tanzania, likasikika vijijini bila ada. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule, alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, chini ya mti, baada ya kazi za shamba. Mimi mtoto nilikuwa nikimshikia taa ya chemli. Kwa hesabu za serikali, wakati wa uhuru wengi wa watu wazima wetu hawakujua kusoma, na kufikia mwaka 1986 waliobaki hawajui walikuwa chini ya asilimia 10. Mtu anaweza kubishana na takwimu hizo. Hawezi kubishana na mama yangu, ambaye alizisoma barua zangu mwenyewe.

Kwa nini redio ile ilifaulu? Jibu halimo ndani ya redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa na mambo manne. Ilisema Kiswahili, tena Kiswahili cha watu. Ilikuwa na kijitabu kilichobaki mkononi mwa msomaji baada ya redio kunyamaza. Ilikuwa na kikundi, chenye kiongozi aliyefunzwa, ambamo watu waliuliza na kubishana. Na ilikuwa na tendo: kikundi kilipokwisha kusikiliza somo la vyoo kilishika majembe kikachimba choo, kilipokwisha kusikiliza somo la malaria kilifyeka nyasi na kufukia madimbwi. Lugha, kitabu, kikundi na tendo: hayo manne ndiyo yaliyoigeuza sauti ya hewani ikawa elimu.

Sasa tuupime mtandao kwa mizani hiyo hiyo. Sauti inayo, tena sauti ya ajabu, yenye picha na sinema. Lugha, kwa sehemu kubwa, si yetu. Kitabu kinatoweka kifurushi kinapokwisha. Kikundi hakuna, kila kijana anainamia kioo chake peke yake. Na tendo? Mwanafunzi anaweza kutazama masomo ishirini juu ya udongo wala asiguse udongo ulio nje ya darasa lake. Kati ya mambo manne tumeleta nusu ya moja, kisha tunapiga makofi. Hatukosi mitambo. Tumesahau tu kile tulichokuwa tukikijua sisi wenyewe miaka hamsini iliyopita, wakati hatukuwa na kitu ila redio ya mkulima.

Narudi kwa yule kijana na ngano yake, maana ndani ya swali lake umo moyo wa jambo hili lote.

Basotu ni nchi ya ziwa lililokaa ndani ya mdomo wa volkano ya kale, na kwa mbali Mlima Hanang umesimama, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Uwanda ule ulikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni sehemu ya watu wa Kidatoga. Waliihamisha mifugo yao kwa majira, kutoka nyasi hizi kwenda nyasi zile, ili ardhi ipumzike. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano. Yalifika mashamba saba, na ardhi yake karibu ekari 100,000. Kusudi lilikuwa jema: taifa lijitosheleze kwa unga wa mkate. Wataalamu walitoka katika nyanda za ngano za Kanada, na matrekta na mbegu na maarifa yakaja pamoja nao. Lakini nyanda zile zilikuwa na watu. Malisho bora yalikwenda, njia za kufikia maji zilikatwa, na majembe ya matrekta yakapita hata juu ya bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wa Kibarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Leo NAFCO haipo tena.

Siyaandiki haya ili nimlaumu marehemu. Nayaandika kwa sababu ni somo kamili. Ndani yake imo jiografia: mvua, udongo, mmomonyoko. Imo historia. Imo uraia: haki ya ardhi, mamlaka ya mahakama. Imo kemia ya mbolea na baiolojia ya nyasi. Imo hata fasihi, maana Wadatoga huimba juu ya wafu wao, na nyimbo ni kumbukumbu. Mwalimu angeweza kufundisha muhula mzima asitoke nje ya kata. Tena mambo hayo yameandikwa! Wataalamu wa ng'ambo walikuja, wakawahoji wazee, wakarudi kwao wakaandika vitabu na tasnifu, kwa Kiingereza. Maarifa ya babu yamesafiri hadi maktaba za Ulaya na Kanada, na mjukuu hawezi kuyasoma. Huu ndio mfano halisi wa mali ghafi inayotoka na bidhaa isiyorudi. Tuliulaumu ukoloni kwa kuichukua pamba yetu na kutuuzia shati. Leo shati lenyewe halirudi.

Na pengo hili si la insha tu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka, ikawa tope. Sasa nauliza: mtoto wa Hanang akitaka kujua kwa nini mlima wake ulishuka, na dalili zipi zitangulie kuonwa siku nyingine, na mitaro na miti ina kazi gani kwenye miteremko, je, ataenda wapi? Mtandao utamfundisha volkano za Iceland na Japani, kwa picha nzuri sana. Volkano iliyo dirishani mwake haina mwalimu. Elimu iliyokosekana hapo huweza kupimwa kwa roho za watu.

Kuna jambo jingine jipya linaloongeza uzito wa hoja. Siku hizi zimekuja mashine zinazojibu maswali kama mtu, na vijana wetu wanaziuliza kila kitu. Mashine hizo hazina hekima ya kuzaliwa. Hujifunza kutokana na maandishi ambayo binadamu wameyaweka. Penye maandishi mengi hujibu vizuri. Penye maandishi haba hubahatisha, na husema uongo kwa lugha ya upole. Hivyo taifa lisiloandika habari zake litasimuliwa habari hizo na mashine iliyobahatisha, na watoto wake wataamini. Zamani tulisema kwamba mzee akifa maktaba imeungua. Sasa maktaba ikiungua, mahali pake hujengwa nyingine ya kubuni.

Basi tufanye nini? Mabishano yasiyo na pendekezo ni kelele, nami ni mtumishi wa serikali. Nimezoea kuulizwa utekelezaji.

Kwanza, nasema na mwalimu. Nyenzo nyingi huria hutolewa kwa leseni inayompa mtu ruhusa ya kuzisoma, kuzinakili, kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuzigawa. Ruhusa tano; nasi tunatumia ya kwanza na nusu ya pili. Mwalimu wa jiografia wa Basotu ana ruhusa ya kulichukua somo la ngano, kulitia katika Kiswahili, kuifuta theluji ya Kanada na kuweka upepo wa Hanang, kisha kulirudisha mtandaoni ili mwalimu wa Makete au wa Ngara alitumie. Hakuna atakayemshtaki. Kazi hiyo ni ya jioni chache, na faida yake ni ya miaka. Tunalo sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Hilo ni shamba lililokwisha kulimwa, linangoja mbegu za kila wilaya.

Pili, nasema na mwanafunzi. Usiwe mnakili. Kila utakachokisoma mtandaoni, kieleze kwa maneno yako kwa Kiswahili kabla hujakiandika kwa Kiingereza; ukishindwa, ujue hujakielewa. Na wakati wa likizo nenda kwa babu na bibi ukiwa na daftari. Waulize majina ya nyasi, ya mawe, ya visima, ya miaka ya njaa. Andika neno lao kwa lugha yao na maelezo yake kwa Kiswahili. Linganisha ya huyu na ya yule, maana hata mzee husahau. Wikipedia ya Kiswahili inapokea mwandishi yeyote aliye mwaminifu na anayeonyesha ushahidi wake, haiulizi cheti.

Tatu, nasema na wakuu wangu, kwa heshima zote. Isisemwe kwamba shule ina nyenzo za bure mpaka iwe na chombo cha kuzisomea. Iko njia nafuu: kompyuta moja yaweza kuhifadhi ndani yake maktaba nzima, vitabu vya Taasisi ya Elimu na makala za Wikipedia pamoja, kwa programu kama Kiwix ambayo nayo ni ya bure, na darasa likasoma bila intaneti wala kifurushi. Kompyuta hiyo iwekwe chini ya ulinzi wa mwalimu, na iwe na kikundi cha kuisoma, kama vikundi vya redio vya mwaka 1973. Na mwalimu anayetafsiri au kuandika somo kwa Kiswahili ahesabiwe kazi hiyo anapopandishwa cheo. Hatuwezi kuililia lugha ya taifa mchana, na usiku tumpandishe cheo yule tu aliyeandika kwa lugha nyingine.

Wataniuliza: nani atailipia kazi hiyo, ikiwa matunda yake yatagawiwa bure? Nawajibu kwa desturi ya wafugaji. Katika nchi kame kisima huchimbwa kwa mikono, na maji yake hayauzwi kwa mwenye kiu. Lakini kisima si cha ovyo. Kina wenyewe, kina zamu, kina utaratibu. Na anayenyweshea mifugo yake hapo hujua kwamba siku ya kuzoa matope naye atashuka chini na kutia mkono. Hapo utaona maana halisi ya bure: ni kitu ambacho bei yake hulipwa kwa jasho la wote badala ya fedha ya mmoja. Anayekunywa tu, wala asishuke kuzoa, hafukuzwi siku ya kwanza. Ila siku kisima kinapokauka, yeye ndiye asiyejua kuchimba kingine.

Kijana wangu wa kidato cha tatu, uliniuliza kama habari za babu yako ni elimu. Ndiyo, ni elimu, nayo haijawekwa kisimani. Simu haikukosea ilipokupa ngano ya Kanada. Ilikupa kile ilichowekewa na Wakanada, ambao waliandika habari zao bila kungoja sisi tuwaandikie. Nenda ukaketi na babu yako. Andika. Nami nakuongezea ubeti mmoja, kwa kuwa ushairi ndio mkono wangu mwingine:

Elimu ya bure njema, si vyema kuikataa,
Lakini tukiisoma, tusibaki kuduwaa;
Nasi tutie kalima, kisima kipate jaa,
Mchota asiyetia, huacha kisima tupu.